Vikombe Vinne vya Habari Moja

…na hata huu mdomo haujafa bado, nusu yake tu, nusu ya kushoto, inawasha na kuvimba, au haijavimba, yeye ndiye anadhani imevimba, "subiri kidogo mama, ganzi ishike, narudi sasa hivi," kasema daktari wa meno na kutoka huku akipiga mluzi, kijana wa watu hana habari na dunia, kaingia chumba cha pili kwa mgonjwa mwingine, na yeye kaachwa hapa chali kwenye kiti kirefu, miguu imeinuliwa kushinda kichwa, taa kubwa imemkodolea jicho, kitambaa cha karatasi shingoni kama mtoto anayelishwa, na juu ya kitambaa, kifuani, simu, kimya, imepata joto kwa jinsi alivyoishikilia, na pale kwenye sinki muuguzi kaegemea anasoma simu yake kwa sauti, hasomi kwa ubaya, anasoma kama mtu anayetafuna karanga, hawezi kuacha, "jamani, kiwanda cha unga chote kimeshika moto, chote, hebu ona moshi huu," anamgeuzia kioo cha simu aone, naye haoni, hataki kuona, kwa sababu kiwanda cha unga ni kimoja tu mjini na ndani yake, tangu zamu ya alfajiri, yumo mwanawe, Fundi, fundi umeme kweli wa cheti na wa mkono, mtoto wake wa pekee, mwenye kikohozi cha vumbi la unga kisichosikia dawa… ameshampigia, akampigia tena, na kila mara yule mwanamke wa ndani ya simu anamjibu kwa adabu zake zote kwamba namba haipatikani kwa sasa, mwanamke gani huyu asiyechoka, asiyepaliwa hata mara moja…

Haya, taratibu, taratibu, kikombe cheupe kwanza… na papo hapo anajishangaa, kwa sababu hakukiita kikombe hicho, kimejileta chenyewe, kikombe cheupe cha baba yake, kizito, chenye ufa mwembamba kama unywele, na nyuma yake kimefuata cha ua, halafu cha bluu kilichomeguka mdomo, halafu cha bati, vyote vinne vimejipanga juu ya kitambaa cha meza cha mpira, ile meza iliyokuwa na mguu mmoja mfupi, na redio juu ya kabati imeshaanza kukohoa kabla ya taarifa, na baba yao anasema, "Wanangu, mikono mezani," kama vile wanasali, na mama yao anasema kutoka jikoni, "Haya, bunge limeanza, msimwage vifungo vyangu," kwa kuwa vifungo vilikuwa vyake, alikuwa fundi cherehani, na kopo lake la vifungo ndilo lililokuwa likitoa wajumbe wa bunge hilo kila jioni, vya shati, vya koti, vya sare za shule, vya dhahabu bandia vilivyokatwa kwenye gauni la bibi harusi aliyeghairi… kifungo kimoja kwa habari moja, ndivyo ilivyokuwa, redio ikisema jambo, mtoto anachukua kifungo na kukitia kikombeni, na ole wako ukitia bila kujua kwa nini. Cheupe ni cha yaliyoonwa, na aliyeyaona awe na jina. Cha ua ni cha yaliyosemwa, mtu kamsikia mtu aliyemsikia mtu. Cha bluu ni cha yanayoogopwa na yanayotamaniwa, vyote pamoja, kwa sababu baba alikuwa akisema hofu na tamaa ni mapacha, wote wawili wanapenda kujiita habari. Na cha bati ni cha tusiyoyajua bado, na hicho ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, kikombe cha kuogea cha zamani, kaka yake Kishindo alikuwa akiuliza kwa nini kiwe kikubwa hivyo, na baba anajibu, "Subiri ukue, utaona hakitoshi."

"Wanasema wamekufa wengi," anasoma muuguzi, "ee Mungu, wengi mno, hapa wanasema ishirini, hapa wanasema hamsini…" na vidole vyake yeye, hapa kwenye mkono wa kiti, vimeshachukua kifungo kisichokuwepo, vimekizungusha, ishirini au hamsini, nani kahesabu? hakuna jina, cha ua. Moshi je? Moshi umepigwa picha, picha ina macho, lakini macho ya nani, ya leo au ya mwaka juzi ghala la pamba lilipoungua, watu hawaoni aibu kuchomoa moto wa zamani na kuuwasha upya… lakini muuguzi mwenyewe alipofika kazini kasema ameuona moshi kwa dirisha la basi, upande ule, mweusi, muuguzi ana jina, limebandikwa kifuani, basi moshi upo, cheupe, kifungo kimoja cheupe. Kiwanda chote? Cha ua. Tangi la mafuta litalipuka? Hilo ni la bluu, hata sauti ya msomaji imebadilika alipolisoma, imepanda kama ya mtu anayetaka liwe. Na Fundi? Fundi yuko wapi? … na vidole vinasita, mkono unabaki hewani juu ya kikombe cha bati, kwa sababu hicho kifungo ni kizito, ni cha koti la baridi, na ukishakitia unakisikia kinavyogonga chini, ngo!, na baada ya hapo hakuna la kufanya ila kukingoja, na yeye hataki kukingoja, anataka kukijua, sasa hivi, hata kikiwa kibaya… hapana, si hata kikiwa kibaya, Mungu anisamehe, si hivyo.

Kazini wanamwita Mama Nani-Kaona. Kitengo cha dharura cha idara ya maji, dawati la simu, miaka na miaka, mtu anapiga anapayuka kwamba mto umehamia barabarani, nyumba zinaelea, ng'ombe wanakwenda na maji, naye anamwuliza taratibu, "Umeona wewe?" na upande wa pili sauti inashuka, "Jirani ndiye kasema," "Basi nipe jirani," na jirani akija kumbe ni bomba la nusu inchi limepasuka nyuma ya choo na ng'ombe ni mbuzi mmoja kasimama kwenye dimbwi anakunywa zake… wenzake wanacheka, wakubwa wanampongeza, hajawahi kutuma gari la dharura bure, hajawahi kuchelewesha lililohitajika, wanamwuliza umejifunzia wapi, anasema kozi, anasema uzoefu, hajawahi kusema vikombe, utasemaje vikombe mbele ya watu wazima wenye tai? Lakini ni vikombe. Ni yule mzee mwembamba aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo kwenda kusikiliza redio za watu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, msikilizaji kwenye shirika la habari, chumba kizima cha wanaume wenye vidude masikioni, kila mmoja na nchi yake, anasikiliza na kupiga chapa, kaulaza utepe wa wino kando kama ulimi mweusi… alimpeleka siku moja ya likizo, akamvalisha kidude sikio moja, sikio lake dogo likamezwa, na ndani yake mlikuwa na miluzi na mikwaruzo na sauti ya mtu mbali sana, "Unasikia nini?" "Sauti." "Ya nani?" "Sijui." "Anataka nini?" "Sijui, baba." Na baba akacheka kwa furaha, akawaambia wenzake, "Huyu ameshaanza kazi, mmesikia? Kasema sijui mara mbili!" na wale wanaume wakampigia makofi, na mmoja akampa peremende iliyokaa mfukoni mpaka ikashika uzi… utamu ule, na harufu ya wino, na mkono wa baba begani, mzito, haukuwa mkono wa kushikashika watu ovyo, ulipokukalia ulijua umekaliwa.

Na mama yao asivyomwacha salama! Mama alikuwa upande wa methali, akikunja kitambaa anasema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja," na baba anashika kichwa, "Lisemwalo limesemwa, mke wangu, hilo tu ndilo tunalolijua," na mama, "Wewe nyumba ikiungua utauliza nani kauona moto," na baba, "Nitauliza nikiwa nakimbia," wakacheka wote, hata Kishindo, ambaye alikuwa hacheki mpaka aanguke kitini, ndipo akaitwa Kishindo… na yule shangazi! siku ya shangazi! kaja ghafla jioni, mama kamwagia chai kikombe cha ua bila kutazama ndani, na ndani kilikuwa kimebaki kifungo cha jana, habari ya waziri aliyesemwa amekimbia nchi, shangazi akanywa, akameza, akatoa macho, na baba, badala ya kumpiga mgongoni, akasema kwa utulivu wake ule, "Basi hiyo habari iko tumboni mwa dada yangu, tungoje ithibitishwe," na shangazi hakuja tena mpaka sikukuu nyingine… anacheka, hapa kitini, au anadhani anacheka, nusu ya uso imekwenda na nusu imebaki, mate yanamteremka kidevuni naye hana habari. Hakuna mtu duniani anayeijua tena siku ile ya shangazi isipokuwa yeye na Kishindo, na Kishindo yuko ng'ambo na simu zao ni za kuulizana afya. Angetoa nini, angetoa meno yote yaliyobaki, ang'olewe leo hii bila ganzi, akae jioni moja tu kwenye ile meza, hata jioni ya taarifa za bei ya pamba, zile zilizomfanya asinzie na kifungo mkononi, na mtu ambebe kwenda kulala.

"Umenyamaza mama, imeshika?" anauliza muuguzi, naye anatikisa kichwa, bado, na muuguzi anarudi kwenye karanga zake, "wanasema mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa kufuli, watu hawa, ee, wanafungia watu kama kuku," na kifungo hiki nacho, nani kaona kufuli… na baada ya kutia vikombeni kulikuwa na swali, ndiyo, swali lile, baba anamnyooshea kila mtoto kidole, "Kitu gani kikija, kifungo chako kitahama?" na ni lazima useme kabla, useme mapema, ili kesho usijidanganye kwamba ulijua. Halafu mnaviacha. Mnakula, mnaosha vyombo, baba anasema habari haipimwi ikiwa bado inakimbia, halafu mnarudi, na kilichostahili kuhama kinahama, na kisichohama kinalala palepale usiku kucha bila mtu kukipigia kelele. Haya, baba, kitu gani kikija kifungo cha Fundi kitahama? Sauti yake. Sauti yake tu, si ya mtu aliyemwona, si kofia yake, si baiskeli yake, usiniletee baiskeli yake, nataka yeye mwenyewe akohoe kwenye simu… na moyo unamwenda mbio, unapiga mpaka simu inatikisika kifuani, na anauona utulivu wake wote wa miaka yote unavyomtazama kwa pembeni, kama mgeni anayetafuta viatu vyake aondoke.

Kwa sababu kuna jioni moja, na jioni hiyo hapendi kuikumbuka, nayo haiombi ruhusa. Jioni mji ulipochafuka. Redio ilikuwa haisemi, inapiga muziki wa bendi tu, saa nzima bendi, na kwa mbali milio ambayo watu wazima walisema ni matairi, na Kishindo hakuwa amerudi, alikwenda kutazama mpira uwanjani upande wa pili wa mji, na majirani wanaingia wanatoka, huyu anasema vijana wamezingirwa uwanjani, yule anasema wamepakiwa kwenye malori, mwingine anasema maiti zimelazwa kwenye nyasi, mama yao kakaa sakafuni, kanga kaifunga kiunoni, analia kilio kisicho na maneno, na baba anaingia, anapanga vikombe. Anapanga vikombe! Cheupe, cha ua, cha bluu, cha bati, anamimina vifungo, "Wanangu, mikono mezani," na kila jirani akija na lake, "Nani kaona? Nani kakwambia?" kwa sauti ileile ya bei ya pamba, na yeye, msichana wa shule, sare bado mwilini, akasimama akamwambia baba yake mzazi mbele ya majirani, "Baba, wewe una moyo wa jiwe," na hata mama akaacha kulia, na baba hakumpiga, hakumkaripia, alimsogezea kifungo kimoja cha koti, akasema, "Kitie unapoona panafaa." Akakitia cha bati. Ngo! Na akakaa pale mpaka kukakucha, akimchukia, na asubuhi Kishindo akaingia na matongotongo, alilala kwa rafiki yake, alikatazwa kutoka, na baba akachukua kile kifungo akakihamishia cheupe, akasema, "Haya, chai." Haya, chai! Kwa mwanawe aliyefufuka! Na tangu siku hiyo akawa na njia ya baba yake mkononi na kinyongo na baba yake moyoni, vyote viwili, akaenda navyo kazini, akaenda navyo kwenye ndoa, akaenda navyo mpaka makaburini siku ya kumzika, ambako hakutoa chozi, na watu wakasema, amemrithi babake yule, barafu tupu, naye akaona ni sifa, au hakuona ni sifa, hajui, hilo nalo ni la bati…

Simu inatetemeka kifuani, anaruka, chombo cha chuma kinaanguka sakafuni, si Fundi, ni mkwe wake, mke wa Fundi, na kabla hajasema lolote sauti imeshamjaa sikioni, "Mama! Mama umesikia? Mama, Fundi hapatikani! Nakwenda, nimeshambeba mtoto mgongoni nakwenda hukohuko, siwezi kukaa, wanasema tangi litalipuka, wanasema mlango…" na mtoto analia nyuma yake, mjukuu wake, mwenye jino moja, na mlango wa bati unasikika unavyobamizwa, na yeye anataka kusema ngoja nije twende wote, hicho ndicho anachotaka kusema, kinachomjia mdomoni ni kingine, "Ushitoke," anasema, ulimi umelala kama si wake, "usi-toke. Nani kakwambia tangi?" "Kila mtu mama!" "Kila mtu hana jina. Nitajie mmoja." "Mama!" "Nitajie mmoja, binti yangu." Kwikwi, "Mama Duka… naye kasikia." "Haya. Sasa sikiliza. Mpigie mlinzi wa geti la nyuma, yule anayekuja kula kwenu Jumapili. Mwulize kaona nini, yeye, kwa macho yake. Asikwambie alichosikia. Halafu mwulize zamu ya alfajiri imetokea mlango gani. Halafu mpigie mwenzake wa karakana, mwulize hivyohivyo. Kisha nipigie mimi uniambie kimoja kimoja. Mteremshe mtoto, mpe maji. Kaa mezani, usikae mlangoni," na mate yanamwagika kwenye kioo cha simu, na mkwe, yule binti mpole ambaye hajawahi kumwinulia hata jicho, analipuka, "Mama una moyo wa jiwe! Ni mwanao yule! Mwanao!" na sauti inakatika, haijakatika, ni pumzi tu, pumzi ndefu zinazotetemeka, na yeye hilo neno analijua, alilitengeneza mwenyewe kwa mdomo wake akiwa na sare ya shule… halafu, mbali, anasikia kiti kinavyovutwa kwenye sakafu. Kiti. Uzito wa mtu unavyokaa. Mtoto anapunguza kilio. "Nimekaa," anasema mkwe. "Nampigia mlinzi. Mama usizime simu yako." "Siizimi."

Amekaa. Hatakwenda kwenye moto na mtoto mgongoni, walau kwa hizi simu mbili tatu hatakwenda, ana cha kufanya kwa mikono yake… na hapo ndipo, taa usoni, mdomo nusu maiti, anapoona kitu ambacho amekuwa akikitazama tangu utoto bila kukiona. Mkono wake mwenyewe. Jioni ile mkono wake ulikuwa kwenye komeo la mlango. Kabla ya kusema lile neno alikuwa ameshafungua komeo, anatoka, anakwenda uwanjani kumtafuta Kishindo kwenye milio ile, sare na yote, na mdogo wao wa mwisho, aliyezaliwa baada ya siku ya shangazi, alikuwa nyuma yake anamfuata kama kawaida yake, na baba kaona, na baba kasema mikono mezani. Kwani vikombe vilikuwa vya kujua? Jioni ile kulikuwa na cha kujua gani, redio inapiga bendi? Alikuwa anawakalisha. Jirani anayekuja na maiti mdomoni, anaulizwa nani kaona, anakaa naye, analegea, anarudi kwake badala ya kwenda kuwasha mtaa… na viatu. Viatu! Baba alikuwa amevaa viatu mezani. Mama yao mwenye sheria moja tu katika nyumba ile, kwamba kiatu hakivuki kizingiti hata cha mkuu wa mkoa, na jioni ile viatu vya baba viko chini ya meza, vina tope mpaka kwenye kamba, suruali imelowa magotini, soksi zimejaa miba ya nyasi, aliviona, alikuwa ameinamisha kichwa kwa hasira akaviona vizuri, akawaza kwamba hata hili hajali, kachafua nyumba. Tope la wapi, mtoto wewe? Kiangazi kile tope lilikuwa mahali pamoja tu, kwenye mtaro wa nyuma ya uwanja. Alikuwa ameshakwenda. Alitoka kazini akaenda kwa miguu, akapita mtaroni kwa magoti, akamtafuta mwanawe kwenye nyasi zile, hakumpata, hakujua hilo lina maana gani, akarudi na kikombe cha bati kimejaa tumboni mwake, akakuta binti kashika komeo. Na hakusema nimetoka huko. Angesema, wangemwuliza umeona nini. Kwa hiyo akauliza yeye. Na asubuhi, haya, chai, halafu mlango wa bafu ukafungwa nyuma yake, na maji yakatiririka muda mrefu, mrefu, bila sauti ya mtu anayeoga.

Uliogopa, baba. Uliogopa kuliko sisi sote, na mimi nimekuiga kila kitu isipokuwa hicho, nimechukua vikombe nikaacha aliyevishika, nikadhani utulivu ni kutokusikia kitu, kama hili shavu, unaligonga halina habari… na anampenda, jamani, anampenda ghafla na kwa nguvu, kama mtu aliyekuta nyumba yao bado ipo, taa imewashwa, anampenda na magoti yake yaliyolowa, na hana wa kumwambia, na Fundi naye ana magoti yaleyale, mifupa ileile iliyochongoka, alizaliwa nayo, mkunga alicheka.

Mluzi unarudi, mlango unafunguliwa, daktari anavuta glavu, "Haya mama, tuone, imeshika?" anamgonga ufizi kwa kichuma, "Unasikia hapa?" Hasikii. "Na hapa?" Hasikii. "Safi kabisa, tuko tayari." Muuguzi ameshaiweka simu yake mfukoni, tangu lini hajui, yuko karibu, amesimama karibu sana, macho yake yamebadilika. "Naogopa," anasema yeye, na neno linatoka limepinda, anaogopa halikusikika, analirudia, "Naogopa." Daktari anacheka kwa upole, "Aa, mama, mtu mzima! Jino dogo hili, hutasikia chochote, nakuahidi," na muuguzi anasema taratibu, "Si jino, daktari," halafu anavuta kigoda, anakaa, anamshika mkono, hasemi pole, hasemi mwanao hatakuwa na neno, anamshika tu. Machozi ya upande wa kulia anayasikia yanavyoteremka mpaka sikioni, ya moto. Ya upande wa kushoto hayasikii, anajua yapo kwa sababu muuguzi anayafuta. Simu iko kifuani, haijalia.